Sahani ya Tambi Niliyoisogeza

Jumapili, saa tano kasoro robo asubuhi, jikoni kwetu Deira, Dubai. Jiko hilo tunalitumia watu wanane wa vyumba viwili, na kila mtu ana zamu yake iliyoandikwa kwenye karatasi mlangoni mwa friji. Zamu ya saa ile ilikuwa yangu. Ate aliniomba tangu Alhamisi nimwachie, nami nikamwachia bila kuuliza sababu.

Ate ni neno la Kitagalogi, maana yake dada mkubwa. Ndivyo tunavyomwita wote mle ndani, Wafilipino na Waafrika, kwa kuwa ndiye aliyetutangulia sote katika nyumba ile. Yeye ananiita dada. Neno hilo alilipata kwangu, na hulivuta mwishoni kama mtu anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya mto.

Nilikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, nikawa namtazama. Alikaanga vitunguu maji na vitunguu saumu, akatia nyama ya kusaga. Akakata soseji nyekundu, nyekundu ya kanga mpya isiyofuliwa, vipande vya mshazari. Kisha akafungua chupa ya kechapu na kuimimina. Nilitegemea atie vijiko viwili vitatu. Aliimaliza yote, akaipiga kitako kwa kiganja hadi tone la mwisho likashuka. Halafu akachukua kopo la maziwa mazito ya sukari, akalitoboa matundu mawili, akayachirizisha juu ya ule mchuzi kwa kuzungusha mkono.

Saa tano kamili simu yake ikaita.

Kwao Batangas, Ufilipino, ilikuwa saa tisa alasiri. Mwanawe anatimiza miaka 7, na kwa Wafilipino mwaka wa kwanza na wa saba ndiyo inayosherehekewa sana. Sherehe ilikuwa Jollibee, mgahawa wao wa chakula cha haraka: watoto wamevaa kofia za karatasi, na nyuki mkubwa mwenye koti jekundu na kofia ya mpishi anacheza katikati yao. Mbele ya mtoto palikuwa na sahani ya tambi zenye mchuzi mwekundu na jibini juu. Ate aliiegemeza simu kwenye kopo la chumvi, akajipakulia, akashika uma. Hakula. Alisubiri mpaka mwanawe alipoinua uma wake, ndipo naye akainua.

Walikula pamoja.

Nami nilipakuliwa. Nikatia tonge mdomoni, na mtoto akiwa bado yuko kwenye simu nikasema, "Ate, hiki chakula au peremende? Waitaliano wakiona mlivyoifanya tambi yao watalia." Nikaisogeza sahani pembeni.

Ate alitabasamu, tabasamu la kwenye kamera. Simu ilipokatika aliichukua sahani yangu, akamimina tambi kwenye kibakuli cha plastiki na kubana kifuniko pembe zote nne. Hakusema neno.

Hii ni wiki ya saba sasa, na mlio wa kile kifuniko bado ninao masikioni.

## "Tambi yao"

Sukari nilishaisahau siku ileile. Kilichonikaa ni lile neno langu mwenyewe: yao.

Kina nani hao? Mimi sijawahi kukaa meza moja na Mtaliano. Nilikuwa namtetea mtu nisiyemjua, tena mbele ya mwanamke aliyenikopesha dirhamu 600 mwezi wangu wa kwanza hapa, nilipokuwa sijalipwa na sina hata nauli ya basi. Nani aliyenituma? Nimekulia Tanga. Hakuna mtu wa nyumbani kwetu aliyewahi kunifundisha kwamba tambi ni mali ya Italia na wengine ni waazimaji tu.

Lakini mahali fulani nililifunza hilo. Labda kwenye video za mapishi, labda kwenye mikahawa ya hoteli ninayosafisha vyumba vyake, ambako chakula cha Mzungu kinaitwa kwa jina lake kamili na vyakula vya sisi wengine vinakusanywa chini ya kichwa kimoja. Nilibeba kipimo cha mtu mwingine nikampimia Ate. Na nilimpimia siku ambayo kile chakula ndicho kilichokuwa kamba pekee kati yake na mwanawe.

Nikaanza kuuliza. Kwanza nilimuuliza yeye, kwa kuzungukazunguka, kama mtu anayeomba radhi bila kutaja kosa. Baadaye nikasoma. Niliyoyakuta yalinifanya nione haya zaidi.

## Chupa

Ukiingia duka lolote la Wafilipino hapa Deira utaziona zimepangwa: chupa nyekundu, ndefu, sura ileile ya kechapu ya nyanya. Kwenye moja wameandika *Tamis Anghang*, maneno ya Kitagalogi yenye maana ya tamu na kali. Nilisoma viambato nikiwa nimesimama na kikapu mkononi.

Ndizi.

Ile kechapu aliyoimaliza Ate haikuwa ya nyanya hata kidogo. Ni ndizi zilizosagwa, siki, sukari na viungo, kisha rangi nyekundu, maana ndizi ikipikwa hivyo hutoka na rangi ya kahawia. Niliinunua nikaionja kwa ncha ya kidole pale nje ya duka. Utamu unatangulia, siki inakuja nyuma polepole, na mwisho kabisa, ukishameza, kuna kitu cha ndizi mbivu kinachobaki kooni. Mtu aliyekulia kwenye ndizi hawezi kukosea.

Ate aliniambia jina la mwanamke anayetajwa kuwa ndiye aliyeibuni, kwa sababu ni mtu wa mkoa wake: Maria Orosa, wa mji wa Taal, Batangas. Alilitaja wima, kama sisi tunavyomtaja Bibi Titi.

Mwaka 1916 Maria Orosa alivuka bahari hadi Seattle, Marekani, kusoma kemia ya dawa na ya vyakula katika Chuo Kikuu cha Washington. Wakati wa likizo alifanya kazi kwenye viwanda vya kusindika samaki Alaska ili ajilipie. Alirudi nyumbani 1922, na kazi aliyoichagua ni kufanya nchi yake ile vitu vyake yenyewe. Ufilipino wakati huo ilikuwa mikononi mwa Marekani, na makopo yalikuwa yanakuja kwa meli. Yeye akaenda vijijini kuwafundisha wanawake kuhifadhi matunda na samaki. Akabuni tanuri la chungu cha udongo kwa ajili ya nyumba zisizo na umeme. Akatengeneza biskuti za pumba za mchele, kwa kuwa pumba ndiyo yenye vitamini inayozuia beriberi, ugonjwa uliokuwa unaua watu waliokuwa wakila mchele mweupe mtupu. Watu walikuwa wamezoea kechapu ya Wamarekani, nyanya hazikuwa za kutosha, ndizi zilikuwa tele. Akaitazama ndizi.

Vita ilipofika na Wajapani wakaitwaa Manila, alijiunga na wapiganaji wa msituni na kupewa cheo cha kapteni. Unga wake wa soya na zile pumba vilipenyezwa hadi kambi ya Santo Tomas, walikofungwa raia wa Marekani na wengineo, vikiwa vimefichwa ndani ya mianzi yenye uwazi. Februari 13, 1945, Wamarekani na Wajapani wakipigania jiji mtaa kwa mtaa, alijeruhiwa na vipande vya kombora, akapelekwa hospitali, na hospitali nayo ikapigwa. Alifia pale. Leo Manila ina mtaa wenye jina lake.

Aliyeipeleka kechapu ya ndizi kiwandani ni mtu mwingine, Magdalo Francisco, mwaka 1942, katikati ya vita hiyohiyo. Akaiita Mafran: *Ma* ya Magdalo, *Fran* ya Francisco.

Nami ndiyo niliyoiita peremende.

## Wali ndani ya karatasi

Nilimwomba Ate anipeleke Jollibee. Sikumwambia kwa nini, na nadhani alijua.

Tulikwenda usiku wa siku ya mshahara, na foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango. Wengi walikuwa bado wamevaa sare za kazi: wauguzi, wahudumu wa hoteli, wasichana wa madukani. Ate aliagiza kwa Kitagalogi. Kuku wa kukaanga, kipande kikavu kinacholia ukikivunja, na pembeni yake tonge kubwa la wali na kikombe cha grevi, ule mchuzi mzito wa kahawia. Alinionyesha namna ya kula. Unachuna ngozi ya kuku unaiweka kando, uile mwisho. Unamimina grevi juu ya wali. Kijiko mkono wa kulia, uma mkono wa kushoto, kisu hakuna. Aliniambia kwamba kwao, alipokuwa mdogo, wali ulikuwa unaletwa umefungwa kwenye karatasi, ukifungua unakuta umeshika umbo la bakuli na mvuke unakupiga usoni.

"Mama yangu alinipeleka nilipomaliza darasa la sita," akasema. "Sikujua kama ni chakula cha Marekani. Nilijua ni chakula cha siku njema."

Jollibee ilianza mwaka 1975 kama duka la aiskrimu Cubao, Jiji la Quezon. Mwenyewe, Tony Tan Caktiong, alikuwa kijana wa miaka 22, mtoto wa wahamiaji kutoka China. Wateja walikuwa wanauliza zaidi chakula cha moto kuliko aiskrimu, akawasikiliza, na 1978 ikawa kampuni ya baga yenye nyuki. Mwaka 1981 McDonald's ikaingia Ufilipino. Kwa hesabu za kawaida nyuki alitakiwa afe, maana kampuni ya nyumbani inapokutana na jitu la Marekani, jitu ndilo linalobaki.

Ikawa kinyume chake. Nyuki alijua ulimi wa watu wake: baga yenye utamu kidogo na viungo ndani ya nyama, kuku na wali, tambi za sukari kwa ajili ya watoto. Leo ukienda McDonald's ya Manila utauziwa kuku na wali, na wana tambi tamu zao zenye vipande vya soseji. Yule Mmarekani aliyekuja kufundisha watu kula, alikaa chini akafundishwa.

Hapo niliweka kijiko mezani. Miaka yote nimekuwa nikidhani mwenye kuiga ni mmoja tu, na ni sisi siku zote.

Mwaka 1998 nyuki alivuka akafungua Daly City, California. Mwaka 2018 akafika Earl's Court, London. Alikwenda na tambi zake vilevile zilivyo, hakuzipunguza sukari kwa ajili ya wenyeji.

## Za sukari au za nyama?

Nilikuwa natandika kitanda cha mgeni, chumba cha ghorofa ya tisa, wakati lilipokuja. Nilisimama nimeshika foronya.

Tambi za futari.

Jamani, tambi za futari! Nimezila tangu nina meno. Bibi yangu alikuwa anazivunjavunja kwa mkono, zile nyembamba, anazikaanga kwa samli mpaka ziwe rangi ya asali, anatia maji kidogo, sukari, tui zito la nazi, iliki za kutwanga, mwishoni zabibu kavu. Zikikauka unakata kwa kijiko, zinainuka kwa pande. Tulikuwa tunagombania ukoko. Mwezi mzima wa Ramadhani sahani hiyo haikosekani mkekani, pamoja na mihogo ya nazi na uji wa pilipili manga, na hakuna aliyewahi kushangaa tambi kuwa na sukari.

Kwetu ukisikia "leo tambi" bado hujajua unakula nini. Lazima uulize: za sukari au za nyama? Lugha yangu yenyewe imeacha mlango wazi. Neno ni moja, na utamu au chumvi ni shauri la mwenye sufuria.

Na tambi hazikuota Tanga. Zililetwa na wageni kama vilivyoletwa vingi tunavyoviita vyetu, pilau, sambusa, chapati, biriani. Tulivipokea, tukavitia tui, tukavitia iliki, tukavibadilisha hata kimo. Hakuna aliyemwendea bibi akiwa amechutama mbele ya jiko lake la mkaa kumwambia kwamba wenyewe wakiona watalia. Angemtazama tu, kisha angemwuliza kama anataka ukoko.

Basi ilikuwaje mtoto wa bibi yule akashangaa? Nimelizungusha swali hili sana. Jibu ninaloliona ni kwamba tambi za bibi niliziweka kwenye kabati la futari na za Ate nikaziweka kwenye kabati la chakula cha Kizungu, kwa sababu tu zilikuwa ndefu, zina mchuzi mwekundu na zinaliwa kwa uma. Kabati likaniamulia kabla ulimi haujaonja.

## Adidas, Betamax, zege

Jambo lililofungua mazungumzo yetu upya ni majina.

Jioni moja Ate alikuwa anatusimulia chakula cha kando ya barabara kwao, kile cha makaa na vijiti. Miguu ya kuku ya kuchoma inaitwa Adidas. Vichwa vya kuku, Helmet. Masikio ya nguruwe, Walkman. Damu iliyogandishwa ikakatwa vipande vya mstatili na kuchomwa inaitwa Betamax, kwa kuwa inafanana na zile kanda za video za zamani. Mimi kwa dini yangu damu na nguruwe si vyangu, lakini majina yale yalinifurahisha kupita kiasi. Hebu fikiria: kiatu cha dukani huwezi kukinunua, basi mguu wa kuku unauita kwa jina la kiatu, na unautafuna.

Mwenzetu wa Kampala akadakia kutoka kitanda cha juu: kwao kuna rolex. Ni chapati iliyoviringishwa na mayai ndani, yenye jina la saa ya mamilioni, na inauzwa kando ya barabara kwa kila mtu.

Nami nikawaeleza chipsi mayai. Viazi vya kukaanga tulivyovipokea kutoka kwa Wazungu, lakini sisi tukavimwagia mayai juu, vikashikana vikawa duara zito, tukaliita zege. Ate aliuliza zege ni nini. Nikamwonyesha dirishani, jengo la mbele yetu lililokuwa linajengwa, gari la kuchanganyia saruji likizunguka tumbo lake. Alicheka mpaka akashika ubavu. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka na mimi tangu siku ya sahani.

Wao wana mtindo mwingine wa kuunganisha ninaoupenda zaidi. Wali uliokaangwa na kitunguu saumu ni *sinangag*, yai ni *itlog*. Ukiviweka pamoja unakata maneno na kupata *silog*. Halafu unatanguliza chochote ulicho nacho: nyama ya kopo ya Spam inakuwa *spamsilog*, soseji inakuwa *hotsilog*. Kopo la Marekani linaingia kwenye neno, neno linalifunika, na asubuhi ni kifungua kinywa cha Kifilipino.

## Ninachosita nacho

Nilitaka kuishia hapo, na makala haya yangekuwa mepesi. Ila kuna mambo mawili sikuweza kuyaruka.

La kwanza ni makopo yenyewe. Marekani iliitwaa Ufilipino kutoka kwa Uhispania mwaka 1898, ikapigana na Wafilipino waliokuwa wanataka uhuru wao, ikatawala hadi 1946. Mwaka 1901 ilipeleka walimu zaidi ya 500 kwa meli moja, Thomas, na shuleni wasichana walifundishwa kupika vyakula vya Kimarekani kama alama ya ustaarabu. Mapenzi ya soseji na nyama ya kopo yamepita humo. Je, ninaposifu ubunifu, sipakai asali juu ya jeraha? Chini ya kitanda cha Ate kuna sanduku kubwa la kaboksi analolijaza kidogokidogo kwa miezi, na likijaa litasafiri kwa meli hadi Batangas. Nimeona ndani: sabuni, viatu vya mtoto, chokoleti, na makopo ya nyama, safu kwa safu. Nchi ile inatuma watu wake nje kwa mpango wa serikali tangu miaka ya 1970, na wao wanarudisha makopo. Nikilitazama lile sanduku furaha yangu kuhusu majina inapungua.

La pili ni neno nililolikuta nikisoma: *pagpag*. Maana yake ni kukung'uta. Katika vitongoji maskini vya Manila, Tondo hasa, wapo watu wanaookota mabaki ya kuku kwenye taka za migahawa ya chakula cha haraka, wanayakung'uta uchafu, wanayaosha, wanayakaanga tena na kuyauza kwa wasio na uwezo wa kununua nyama. Nilimuuliza Ate. Alikuwa anakunja nguo. Mikono ikasimama.

"Wapo wanaokula," akasema. "Watoto pia. Dada, ukiandika, usiandike kama kioja."

Nimeandika mara tatu na kufuta aya hii. Kuku yuleyule ambaye kwa mtoto mmoja ni siku njema, kwa mtoto mwingine anafika akiwa amepita kwenye pipa la taka, na katikati ya hao wawili ni kilomita chache tu za jiji. Sina namna ya kulisawazisha jambo hili na nyuki anayecheza. Ninaliweka hapa, wima, kama alivyoniambia.

Hata hivyo sikuona haki kumnyima Ate tambi zake kwa sababu ya historia. Nilimweleza yale yote ya walimu na meli. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo alilolisema taratibu sana: kwamba mwanawe hamjui mwalimu yeyote wa meli. Anachojua ni kwamba tambi zikiwepo, kuna mtu amemkumbuka.

## Jumapili iliyopita

Nilimwomba zamu yake ya jikoni. Hakuuliza sababu.

Tambi nyembamba nilizipata kwa Wahindi, mtaa wa Naif hapa Deira. Tui lilikuwa la kopo, na bibi angelikataa, lakini iliki nilizitwanga mwenyewe kwa kitako cha glasi. Nilizikaanga tambi kwa samli nikisimama juu yake, maana ukizipa kisogo sekunde kumi zinaungua. Harufu ilipopanda Ate alikuja mlangoni akiwa na taulo kichwani.

"Ni nini?"

"Tambi," nikasema. "Za sukari."

Akanitazama.

Nikamwomba radhi hapohapo, mwiko mkononi, kwa maneno niliyoyapanga siku nyingi na yaliyotoka yote kwa fujo. Yeye alivuta ndoo, akaikalia, akasema alikuwa amesahau. Hakuwa amesahau. Nilimshukuru kwa kusema hivyo.

Nikampakulia pande lenye ukoko. Alionja, akatafuna kwa makini kama mtu anayesikiliza. Akainuka, akafungua friji, akatoa kipande cha jibini la manjano na kukikwangua juu ya tambi zangu mpaka zikafunikwa. Akanisogezea sahani. Nilikula. Chumvi ya jibini ilikutana na iliki mahali ambapo sikuwahi kufikiria zingekutana, na sijajua bado kama nimeipenda. Nilichukua kijiko cha pili, kisha cha tatu.

Saa tano simu ikaita. Ate aliielekeza kamera kwenye sahani, akamweleza mwanawe kwa Kitagalogi, na ndani ya maneno yale nikalisikia neno dada. Mtoto akasogeza uso karibu na kioo, akaangalia, akauliza kitu.

"Anasema nini?"

"Anauliza," Ate akasema, "soseji ziko wapi."